Mbona Hakuna Anayemuuliza?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kiti. Msomaji wa Unguja na Pemba neno hili halimpi tabu. Kwa wa bara nieleze kidogo. Kiti ni mtu ambaye shetani humpanda kichwani, akakaa, akazungumza kwa kinywa chake. Wa bibi alikuwa ruhani. Nyumbani kwetu Wesha jambo hilo halikuwa siri, na wala hatukulitangaza. Lilichukuliwa kama watu wanavyochukulia pumu ya mtu wao. Kila mwezi wa Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia na mashetani hawajafungwa, mama alinunua udi, ubani, marashi ya waridi na halua, akavipanga kwenye chano. Bibi alikoga, akavaa nyeupe tupu, akakaa juu ya mkeka. Tukangoja. Baadaye pumzi zake zilibadilika, mabega yakatikisika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi na si ya bibi: "Asalaamu alaykum."

Tuliitikia sote, hata watoto. Kisha mama akauliza, kwa adabu ile ile ambayo angemuuliza mgeni aliyeshuka jahazini: "Karibu. Umekuja kwa heri? Una neno?"

Na neno alikuwa nalo. Safari moja alilalamika kuwa dagaa wanaanikwa karibu mno na dirisha la kiti chake. Maruhani hawastahamili uvundo, basi ami yangu aliyekuwa akiuza dagaa hao alihamisha majamvi yake siku ya pili bila ya kunung'unika. Safari nyingine alisema kiti chake kimechoka na kisipewe tena kazi ya kutwanga. Leo naweza kucheka na kusema kuwa bibi alijua kupigania haki zake. Wakati ule sikucheka, na mpaka sasa sidhani kuwa huo ndio ukweli wote.

Naanza na yeye kwa sababu nataka kusema juu ya filamu za majini, na siwezi kuzisema bila ya kumtaja kwanza yule niliyemjua kabla yake.

Filamu ya Mussa Banzi iitwayo Shumileta ilitoka Dar es Salaam mwaka 2005. Sisi ilitufikia mwaka uliofuata, ikiwa kwenye sidii iliyokwaruzika, katika shehena moja na magunia ya unga na makreti ya soda. Wesha ni bandari. Kila kitu hutufikia, ila kimechelewa. Banda la video lilikuwa la makuti, lina mabenchi ya mbao na televisheni moja juu ya meza. Majenereta ya umeme wa Pemba yalikuwa hapo hapo kwetu, tukiyasikia yakinguruma, lakini ujirani na mashine haukutupa umeme zaidi ya wenzetu wa Micheweni. Mpaka mwaka 2010, kisiwa kilipounganishwa na Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, filamu nyingi za ujana wangu nilizijua mwanzo na katikati tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Shumileta niliipenda. Jini wa kike anampenda binadamu, na mapenzi yake yanaleta damu. Ana macho, ana meno, anatoweka na kutokea. Watu walipiga makelele bandani, wengine wakajificha nyuma ya migongo ya wenzao, na waliojificha ndio waliorudi kesho yake kulipa tena. Kosa langu lilikuwa kumchukua mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minane.

Shaaban ilipofika bibi alikaa juu ya mkeka wake kama kawaida. Pumzi zikabadilika, na kabla salamu haijatoka mdogo wangu alipiga ukelele, akatoka mbio gizani. Tulimtafuta muda mrefu. Tulimkuta pwani, kajibanza ndani ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, anatetemeka. "Ana meno," aliniambia. "Bibi ana meno."

Bibi hakusema kitu siku ile wala ya pili. Siku ya tatu aliniita. "Hiyo sinema. Na miye n'taka kuiona."

Nikaazima sidii, tukaenda kwa jirani mwenye deki. Bibi alikaa kwenye kigoda, mkono shavuni. Mwanzo aliridhika. Jini mahaba anamjua kila mtu wa pwani, na mwanamke aliyeolewa na jini, au mwanamme asiyedumu na mke kwa sababu ya jini, si hadithi ngeni kwetu. "Hili kweli," alisema. "Majini wapenda watu." Meno yalipotokea alicheka. "Ya nini yote hayo? Ana njaa?" Kisha akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani kasinzia.

"Mbona hakuna anayemuuliza?" alisema.

"Kumuuliza nini, bibi?"

"Lake. Kaingia nyumba ya watu, watu walia, na hata mmoja hajamuuliza katokea wapi na ataka nini. Wakimbia tu. Hawa hawana wazee?"

Umeme ukakatika hapo hapo. Bibi akasema haidhuru, akatafuta makubadhi yake, tukarudi nyumbani kwa mwanga wa tochi.

Tangu siku ile nimesoma tahakiki nyingi za filamu na nimeandika chache, na bado natembea na swali hilo la bibi. Nimeirudia Shumileta mara mbili nikiwa mtu mzima, na kila mara naiona zaidi. Jini anazungumza, tena sana. Amepewa mapenzi, wivu, hata huzuni. Wanaozungukwa naye ndio waliopewa woga na vitisho peke yake. Mtazamaji anajua kwamba jini ana haja, lakini hakuna mtu ndani ya filamu ambaye kazi yake ni kuisikia haja hiyo.

Kilingeni kazi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mganga anayejua shughuli yake hamfukuzi shetani kabla ya kumhoji. Ngoma hupigwa, moshi wa ubani hupanda, na shetani akishapanda huulizwa jina lake, kabila lake, alikotoka, alikompatia mgonjwa, na anachotaka. Majibu yakija katika lugha isiyofahamika hutafutwa wa kuifasiri. Anayetaka pete hupewa pete. Anayetaka ngoma hupangiwa siku. Mengine hubishaniwa, maana shetani naye hupenda makubwa na familia haina kitu, na nimeshawahi kumsikia shetani akishushwa kutoka ng'ombe mpaka kuku wawili, kama mnada wa pweza pwani. Mwisho hupatikana mapatano, na mgonjwa huishi ndani ya mapatano hayo.

Na kwa sababu wanaulizwa, mashetani wetu wana historia. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway aliyekaa miaka mingi na wanawake wa Mjini Unguja na akatoa kitabu juu yao mwaka 2008, anaonesha vizuri jinsi kila kabila la shetani lilivyo na tabia zake. Maruhani ni Waislamu wa Kiarabu, wapenda usafi na manukato. Rubamba ni wa huku kwetu Pemba. Mahabeshia wametoka Uhabeshi. Mabuki wametoka Bukini, nchi tunayoiita Madagaska, ni wafalme na malkia wa Wasakalava, na wakipanda hutaka koniaki, jambo ambalo kiti Mwislamu hulifanya kwa kinywa ambacho kesho yake hakimbuki kitu. Waliokuja kwetu kwa jahazi, kwa biashara, kwa utumwa, wote wamebaki vichwani. Masuria wa Kihabeshi waliokuwa katika majumba ya masultani wa Unguja wametajwa na Emily Ruete, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Basi. Baada yake ni nani anayewakumbuka kila mwaka, kwa jina, kwa chakula wakipendacho? Ni kiti mmoja uswahilini na wenzake wanaopiga makofi.

Hili si la kwetu peke yetu, na mfano wa mbali huenda ukalisaidia jambo lionekane. Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, ina mizimu 37 ambayo huitwa nati. Waburma ni Wabudha, kama sisi tulivyo Waislamu, na nati wamekaa pembeni mwa dini kama maruhani walivyokaa pembeni mwa yetu. Wapo watu wanaopandwa nao, wana ngoma zao na sherehe zao za mwaka. Wengi wa nati hao walikuwa binadamu waliokufa vibaya. Mlinzi wa nyumba, Min Mahagiri, alikuwa mhunzi mwenye nguvu kupita kiasi. Mfalme wa Tagaung alimuogopa, akamuoa dada yake, kisha akamwita kwa hila, akamfunga kwenye mti na kumchoma moto. Dada mtu akajitupa motoni amfuate. Mpaka leo katika nyumba nyingi za Burma hutundikwa nazi kwa ajili yake, na wenyewe husema kuwa maji ya nazi humpoza majeraha ya moto.

Mpemba hahitaji kuelezwa habari ya nazi. Lakini tazama ile nazi inachosema: mwenye nyumba anajua mzimu wake alikufaje, na anajua panapomuuma. Mtengenezaji wa filamu ya kutisha angetupa mhunzi anayewaka moto kwenye kona ya chumba, mwanamke akapiga ukelele, muziki ukapanda. Nazi ingekuwa pambo ukutani.

Meno ya Shumileta nayo yana safari yake. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 filamu za Nigeria zilijaa madukani Dar es Salaam, na waliotengeneza filamu za Kiswahili walizisoma kama wanafunzi wanavyosoma mitihani ya miaka iliyopita. Living in Bondage ya mwaka 1992 ina mume anayemtoa kafara mkewe ili apate utajiri, na mzimu wa mke ukamrudia. Wokovu wake unatoka kanisani. Nneka the Pretty Serpent ya mwaka 1994 ina mwanamke mzuri aliye na nguvu za majini ya maji, na wanaume wanaangamia kwa ajili yake. Humo mna mafunzo mawili yaliyoingia moja kwa moja katika filamu zetu: kwamba roho ni deni la dhambi, na kwamba deni hilo hulipwa kwa mtu wa dini kunyoosha mkono na kusema toka. Ukiweka sheikh pahala pa mchungaji, au mganga pahala pa sheikh, umbo linabaki lile lile. Sitaki kuwaonea akina Banzi. Walifanya kazi kwa kamera ndogo na fedha kidogo, wakawapa watu kitu cha kupigia makelele kwa lugha yao, na hilo Wesha tulikuwa hatujalipata kabla.

Ila ajabu moja. Mama yangu hakupata kupenda filamu yoyote ya jini ya Dar es Salaam, lakini Nagina ya mwaka 1986, ile ya Sridevi, aliitazama mpaka kanda ikakatika. Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mwanamke na kuolewa. Anakuja mcheza nyoka, Amrish Puri na macho yake, anapuliza zumari, na yule mwanamke anashindwa kujizuia, anainuka kucheza. Nilimuuliza mama anaona nini. "Anapungwa yule," alisema, kama kwamba nimeuliza maji yana rangi gani. Filamu ya Bombay, isiyo na habari na Pemba, ilimpa kilinge kizima: ngoma, mganga, na shetani ambaye mwili wake unasema yaliyomo ndani yake. Kwamba Sridevi ndiye tuliyekuwa tukimuombea ashinde ni jambo jengine ambalo filamu zetu zingeweza kulichukua, wala halina gharama.

Sasa nifike kwa yule ambaye kila anayesikia kuwa natoka Pemba huniuliza habari zake. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Baada ya tarawehe watu hawakulala majumbani. Walitandika majamvi nje, familia tatu nne pamoja, moto ukiwaka katikati. Popobawa, tuliambiwa, huwaingilia watu usingizini, wanawake kwa wanaume, na humkandamiza mtu asiweze kupiga ukelele. Watoto hatukuelezwa maana ya kuingiliwa. Tuliona kuwa watu wazima wanaogopa, ikatosha. Babu alikuwa akisikitika kwa jambo jengine kabisa: shetani gani huyu asiyejua kuwa mwezi huu wenzake wamefungwa?

Palikuwa na sharti moja ambalo wote tulilijua. Aliyepatwa lazima aseme. Asiposema, atarudiwa. Asubuhi, kwa hivyo, ilikuwa ya habari: kisimani, sokoni Chake Chake, kwenye gari za abiria. Nikiwaza leo naona lilikuwa jambo zito kupita tulivyolichukua. Wanaume wazima, wa mahala ambapo mwanamme hasemi hata kuwa kichwa kinamuuma, walikuwa wakisema mbele za watu kwamba wamedhalilishwa usiku. Wapo waliosema hivyo kwa mzaha, na wapo ambao sikuona mzaha usoni mwao.

Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Chama cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na urais ukatangazwa kwa asilimia 50.2 kwa 49.8. Watu walikwishasema kabla ya hapo kuwa Popobawa ametumwa na wanasiasa, na mwanaanthropolojia Martin Walsh ameandika juu ya uvumi huo na jinsi ulivyopokewa. Sijui kumfasiri Popobawa kwa siasa peke yake, babu asingenielewa. Nachokumbuka ni hofu iliyokuwa ikitafuta wa kuisikiliza. Ilipovuka bahari ikafika Mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania kuwa ndiye. Huyo naye hakuna aliyemuuliza.

Popobawa alikuja kutengenezewa filamu, na nje ya nchi wakamchora kwenye mitandao, popo mkubwa mwenye jicho moja katikati ya uso. Mimi niliyelala nje kwa ajili yake sikupata kusikia habari ya jicho. Hatukumuona. Tulisikia kuwa kaonekana Ole, kaonekana Ziwani, bawa lake limepita juu ya bati la mtu fulani. Alikuwa habari, na habari ina mdomo na sikio. Ukimvisha mtu mabawa ya turubai ukamsimamisha mbele ya kamera, unampata mtu aliyevaa turubai. Filamu ya Popobawa ninayoitamani ingekaa kwenye lile jamvi mpaka alfajiri, ikiwatazama nyuso wanaosimuliana, na kila mmoja akipima aseme kiasi gani.

Waandishi wetu wa vitabu walilijua jambo hili mapema, ingawa kila mmoja kwa njia yake. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu ameuawa, na mzimu umehusishwa. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza kila mtu kila kitu, isipokuwa mzimu. Ukishayajua ya Bwana Msa huwezi tena kuogopa mahala pa mizimu; unatafuta nani amefaidika na woga wako. Naliheshimu hilo, na laiti Bwana Msa angekuwapo Unguja mwaka 1995. Lakini mzimu wake ni pazia tu, ukilifunua unakuta mtu. Kitabu chake cha 1968, Kisima cha Giningi, kinachukua hata jina la Giningi, ule mji wa wachawi ambao tukiambiwa upo Pemba na hauonekani, na sisi Wapemba tumechoka kuulizwa njia ya kwenda huko.

Said Ahmed Mohamed ni mzaliwa wa kisiwa hiki, na katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, anafanya ambalo bibi angelikubali, tena kinyume nyume. Mkubwa mmoja aitwaye K, mwenye nyumba na gari na kila kitu, anajiwa na babu yake aliyekwishakufa. Hapa mfu ndiye anayehoji. Anamtoa mjukuu kwenye starehe, anampitisha kwenye yale aliyojifanya hayaoni. Riwaya hiyo imenitisha kuliko filamu zote nilizozitaja, na ndani yake hamna hata jino moja. Ilitoka mwaka ambao Pemba ilizika watu wake waliopigwa risasi katika maandamano ya mwezi wa Januari, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Simsingizii mwandishi kuwa aliandika kwa ajili ya hayo. Nasema tu kwamba nilipoisoma nilikuwa nayajua, na yule babu hakuniona mgeni.

Katika filamu ninayo moja ya kuiweka upande wa riwaya hiyo: Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001 pia. Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba, yumo hospitali ya wagonjwa wa akili na miaka mingi hajatamka neno. Daktari anatoka Marekani na elimu yake. Na kuna bibi, mzimu, Maangamizi mwenyewe, ambaye ndiye njia ya kuufungua ule ukimya. Filamu hii ina ulegevu wake. Mahala pengine inajua mno kwamba inasema jambo kubwa. Hata hivyo humo mgonjwa anakaliwa kitako, anangojewa, na daktari anafika pahala pa kuuliza swali ambalo hakufundishwa chuoni. Niliiona nikiwa peke yangu, kwenye kompyuta ya rafiki, na nikatamani pale kwenye kigoda angekuwapo mtu.

Najua watakaoniambia kwamba chano ni shirki na kwamba namsifia shetani. Mmoja wao ni kaka yangu mkubwa, na hoja zake si za kupuuzwa. Amezisoma, mimi sikuzisoma. Kwake dawa ni kisomo, na shetani akisema, huo ndio uongo wake wa kwanza. Hatubishani tena. Lakini naona kuwa kisomo cha siku hizi, kile kinachorekodiwa na kutumwa kwenye simu, kimeanza kufanana na filamu. Mgonjwa anashikwa, anapiga kelele, kamera inamkaribia usoni, na msomaji anarudia neno moja: toka. Walimu wa zamani hapa kijijini walisomea wagonjwa pia, usiku kucha, kwa sauti ya chini, na hawakuruhusu watu kuchungulia.

Baada ya usiku ule wa ngalawa, bibi hakumkaribisha tena ruhani nyumbani kukiwa na watoto. Alikwenda kwa rafiki yake, ng'ambo ya barabara ya Chake, akarudi asubuhi na harufu ya udi kwenye kanga. Hakumlaumu mtu. Alifariki mwaka 2013. Mashetani hurithiwa, na mama alingoja. Hakikuja kitu kwake.

Mdogo wangu yuko Muscat sasa, ameolewa, ana watoto wawili. Tangu mwaka jana mabega yanamwelemea, usingizi umempotea, na akisikia udi kwenye nyumba za watu machozi humtoka bila sababu. Hospitali wamempima wakaona yu salama. Alipelekwa kwa msomaji pia. Alinipigia kunihadithia, na alikuwa akicheka kidogo, kwa vile anavyocheka akiwa hana raha. "Kanishika kichwa, anamwambia toka, toka. Nikawa nawaza, akitoka akiwa ana meno je?"

Nilimwambia bibi hakuwa na meno mengine zaidi ya yake mwenyewe, tena pungufu.

"Najua," alisema. Kisha akauliza kile ambacho nimekuwa nikikizunguka katika makala haya yote. "Mama alikuwa akimwambiaje? Yale maneno ya mwanzo."

Nikamwambia kuwa si maneno makubwa. Karibu. Umekuja kwa heri? Una neno?

"Ngoja," akasema, "nifunge mlango kwanza, watoto wanaangalia TV."